Tuzo zinazotazama rafu nzima ya mwandishi wa watoto

Mtoto akirudisha kitabu alichokipenda, swali lake kwa mkutubi huwa moja: "Kuna kingine cha huyu?" Kwa mwandishi wa watoto, swali hilo ndilo kipimo. Tuzo mbili kubwa za kimataifa katika fani hii hutazama kazi zote za mwandishi, tangu kitabu chake cha kwanza.

Ya zamani zaidi ni Tuzo ya Hans Christian Andersen, yenye jina la mtunzi wa hadithi wa Denmark, inayotolewa kila baada ya miaka miwili na IBBY, baraza la kimataifa la vitabu vya watoto na vijana. Baraza hilo lilianzishwa Zurich, Uswisi, mwaka 1953 na Jella Lepman, mwandishi wa habari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler na kurudi vita vilipokwisha. Akaziandikia nchi mbalimbali, zikiwemo zilizopigana na Ujerumani, kuomba vitabu vya watoto, na mwaka 1946 akavionyesha Munich, katika mji uliokuwa bado magofu. Tuzo hii ina mizizi katika imani hiyo, kwamba watoto wa mahasimu wanaweza kukutana kwanza ndani ya hadithi.

Ilianza kutolewa mwaka 1956, kwa Eleanor Farjeon wa Uingereza. Mwanzoni ilitazama kitabu kimoja. Tangu 1962 ikageukia kazi nzima ya mwandishi, na tangu 1966 wachoraji nao wana yao. Mshindi hupewa medali ya dhahabu na cheti, bila fedha. Eiko Kadono wa Japani aliipata mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 83.

Ya pili, ya kumbukumbu ya mwandishi wa watoto Astrid Lindgren, ilianzishwa na serikali ya Uswidi mwaka 2002, mwaka aliofariki mwandishi huyo. Hutolewa kila mwaka, na fedha zake ni krona milioni 5. Hii ina mlango mpana: wasimulizi wa mdomo na wanaohimiza usomaji wanastahili pia. Bibi anayejua kuita "hadithi, hadithi" mpaka kijiji kizima kikaitikia, kwa kanuni hizo, anahesabika. Mwaka 2015 ilikwenda Cape Town, kwa PRAESA, taasisi inayopigania watoto wasome kwa lugha zao za Kiafrika.

Upande wa Andersen, hadi tuzo ya 2024 hakuna mwandishi wa Afrika aliyewahi kuipata. Udogo wa lugha hauelezi jambo hilo. Tove Jansson, mshindi wa 1966, aliandika kwa Kiswidi, lugha ya watu wachache nchini kwao Finland. Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko hicho mara kadhaa. Ninavyoona mimi, kikwazo kikubwa kiko kwenye faili.

Mwandishi hajipendekezi mwenyewe. Tawi la IBBY la nchi yake ndilo humpendekeza, naye lazima awe hai. Tawi huandaa wasifu, orodha ya vitabu vyake vyote na miaka vilipotoka, orodha ya lugha alizotafsiriwa, pamoja na nakala za vitabu vichache vya kuwafikia majaji. Bila watu wa kuandaa hayo, mwandishi aliyeandika kwa miaka 40 hana tofauti na asiyeandika.

Na hapo ndipo huwa nasononeka. Katika maktaba, kitabu cha mtoto kinachopendwa hufa mapema. Jalada hutangulia, kisha ule ukurasa wa mwanzo wenye jina la mchapishaji na mwaka. Nimeshika hadithi ya Kiswahili iliyoanzia ukurasa wa 5, imeshonwa kwa uzi wa gunia, na hakuna popote palipobaki jina la aliyeitunga.

Jirani zetu wa Rwanda wameonyesha njia. Editions Bakame, wachapishaji wa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda, walianza mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari. Bakame ni yule Sungura wetu mjanja. Mwaka 2008 walipata tuzo ya IBBY-Asahi ya kuhimiza usomaji.

Kwa shule na maktaba zetu, naomba kila kitabu kipya cha watoto kinunuliwe nakala mbili. Moja iende kwa watoto, ichakae mikononi mwao. Nyingine iwekwe kabatini, na jina la mwandishi na mwaka wa kuchapishwa viandikwe kwenye daftari siku ileile kinapoingia. Mwandishi akiwa jirani, mwiteni alitazame daftari hilo, awatajie vilivyosahaulika.