Maana ya ukaribu katika umaliziaji wa filamu

Umaliziaji wa filamu, ambao mafundi wengi huuita kwa kifupi posti, ni kazi yote inayofanyika baada ya kamera kuzimwa: kunakili na kuhifadhi picha, kuhariri, kusawazisha rangi, kusafisha na kuchanganya sauti, kuweka tafsiri ya maandishi chini ya picha, na hatimaye kutengeneza faili litakalopelekwa kwenye televisheni au jumba la sinema. Watayarishaji wanaotafuta huduma hiyo karibu na eneo la kupigia picha mara nyingi huhesabu kilomita, na hesabu hiyo hupotosha. Kinachofaa kupimwa ni muda unaopita tangu kosa litokee mbele ya kamera hadi mtu wa chumba cha uhariri aligundue na kumpigia simu mwongozaji. Muda huo ukiwa mfupi kuliko siku ambazo kikundi bado kipo kazini, huduma iko karibu. Ukiwa mrefu zaidi, huduma iko mbali hata kama studio iko mtaa wa pili.

Tuchukue mfano wa filamu ya makala kuhusu wakulima wa mwani wa Paje, kusini mashariki mwa Unguja. Kilimo hicho kilianza kibiashara kisiwani mwaka 1989, wengi wa wakulima wake ni wanawake, na kazi yao hufuata bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa kukubwa zinazokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji yakitoka mbali, mashamba hubaki wazi kwa saa chache tu, na saa ya kupwa huchelewa kila siku kwa dakika 50 hivi. Siku hizo chache zikipita huja maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, na bamvua nyingine husubiriwa kwa takriban wiki 2. Sasa tuseme lenzi kuu ina kasoro ndogo ya fokasi, yaani ukali wa picha, ambayo haionekani kwenye skrini ya kamera chini ya jua kali la ufukweni. Mhariri anayeipokea kazi jioni ileile ataiona kasoro hiyo kabla ya kulala, na tukio litarudiwa kesho yake, wakati akina mama wangali shambani na kamba zao. Akiipokea baada ya siku 10, kikundi kimekwisha kulipa nyumba na magari na kuondoka, na hakuna fedha itakayoirudisha bahari nyuma.

Wapo wanaoamini kwamba intaneti imeliondoa tatizo hilo. Kamera inayorekodi kwa ProRes 422 HQ, aina ya faili la video lenye ubora wa juu, katika pikseli 3840 kwa 2160 na fremu 25 kwa sekunde, hutoa takriban gigabaiti 330 kwa kila saa ya picha, kwa hiyo kikundi kinachorekodi saa 3 kwa siku hurudi na karibu terabaiti 1. Kwa laini inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde bila kukatika, mzigo huo huchukua kama saa 110, yaani zaidi ya siku 4 na nusu kutuma kazi ya siku moja. Nakala nyepesi za megabiti 5 kwa sekunde zitafika kwa dakika 45, nazo zinatosha kabisa kwa mhariri kuanza kupanga masimulizi, lakini fokasi iliyoteleza kidogo na chembechembe za kwenye kivuli hufichika humo. Picha halisi zinahitaji kusafiri ndani ya diski, kwa gari kutoka Paje hadi mjini na, ikibidi, kwa boti ya mwendo wa kasi inayovuka hadi Dar es Salaam kwa saa 2 hivi. Kabla ya safari hiyo, utaratibu ulio salama ni kuwa na nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine. Kadi ya kamera isifutwe hadi programu ilinganishe nakala na asili yake.

Hata hivyo, lugha ndiyo inayonisukuma zaidi kutetea mhariri wa karibu. Mhariri hukata mazungumzo kwa sikio, na asiyeielewa lugha hukata mahali pumzi inapoishia, hata kama maana bado haijakamilika. Kijana anapomwamkia bibi kwa shikamoo, kisha picha ikahamia baharini kabla ya marahaba, mtazamaji wa Kiswahili anaona bibi amekataa salamu, na taswira ya mtu mwema inaharibika kwa sekunde moja. Sauti za mazingira nazo zina ushahidi wake. Adhana ya alfajiri ina maneno ya ziada yanayosema kwamba swala ni bora kuliko usingizi. Ikiwekwa chini ya tukio la mchana kwa sababu mtaalamu wa sauti aliona inapendeza, kila Mzanzibari ukumbini atashtuka. Vilevile, kuwa Mtanzania hakutoshi. Wazee wa kusini mwa Unguja wanapozungumza wao kwa wao hutumia lahaja ya Kimakunduchi, ambayo mhariri aliyekulia Dar es Salaam anaweza kuipoteza nusu nzima. Kwa filamu ya namna hiyo, ningemlipa mtu wa Paje akae pembeni ya mhariri kabla sijalipia kifaa chochote kipya.

Yako pia mambo ambayo ukaribu hauyasaidii. Kusawazisha rangi kwenye skrini isiyopimwa usahihi wa rangi zake ni kubahatisha, na ngozi nyeusi iliyopigwa picha kwenye mwanga mkali unaorudi kutoka mchanga mweupe ndiyo huumia kwanza. Kuchanganya sauti za sinema kunahitaji chumba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama vifaa hivyo havipo jirani, hatua hizo mbili zipelekwe Nairobi au Johannesburg bila kuona haya, kwa sababu wakati huo uhariri umekwisha na hakuna tena kosa la ufukweni la kuwahi.

Studio ya jirani nayo ipimwe kwa kazi na si kwa video ya kujitangaza. Mtayarishaji aulize ni nani hasa atakayekaa mezani, umeme ukikatika diski zinalindwaje, picha halisi zitahifadhiwa kwa miezi mingapi baada ya malipo ya mwisho, na bei inahusisha marekebisho ya awamu ngapi. Majibu yote yaingie katika mkataba, pamoja na sentensi inayosema wazi kwamba picha zote ni mali ya mtayarishaji. Aulize pia kama wanajua taratibu za kukaguliwa kwa filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani, kwa kuwa Tanzania Bara zinasimamiwa na Bodi ya Filamu, na Zanzibar ina Baraza lake la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni.

Kisha, wiki kadhaa kabla ya bamvua iliyokusudiwa, kikundi kirekodi dakika 5 pale pale Paje kwa kamera, lenzi na maikrofoni zitakazotumika, na diski ipitishwe njia nzima: gari, boti, meza ya uhariri, rangi, sauti, tafsiri, hadi faili la mwisho. Saa ihesabiwe tangu kamera inapozimwa hadi simu ya kwanza ya mhariri, na ratiba ya upigaji picha ipangwe kwa kufuata saa hizo.