Fahirisi ya Mitazamo ya Rushwa: ile namba ya kila mwaka inapima nini?

Kila mwaka mpya ukishachanganya, magazeti yetu hupata kichwa cha habari kisichochuja: fulani kapanda kwenye orodha ya rushwa, fulani kashuka, fulani anaburuza mkia. Kwa takwimu za mwaka 2024, zilizotolewa Februari 2025, Denmark iliongoza dunia kwa alama 90 kati ya 100. Rwanda ilipata 57, Tanzania 41, Kenya 32, Uganda 26, Kongo 20 na Burundi 17. Mkiani kabisa walikuwa Somalia na 9, na Sudan Kusini na 8. Nchi zote nane hizi ukiitoa Denmark ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo jumuiya yetu ina mwakilishi karibu kila ghorofa ya jengo hilo, isipokuwa ya juu.

Alama hizo zinatoka kwenye Fahirisi ya Mitazamo ya Rushwa, ambayo huandaliwa na shirika la Transparency International lenye makao yake Berlin. Alama 100 ni ya nchi ambayo sekta yake ya umma inaonekana safi kabisa. 0 ni ya nchi inayoonekana imeoza. Sisitiza hapo "inaonekana". Alama 41 haina maana kwamba asilimia 59 ya fedha za serikali zinaliwa, wala kwamba katika kila watumishi 100, 59 wanapokea mlungula. Watu huisoma hivyo mara nyingi, na baadhi yao wameshika kipaza sauti.

Sasa inaonekana machoni pa nani? Si machoni pa mama lishe anayetoa "ya maji" ili meza yake isibebwe na mgambo, wala dereva wa daladala anayejua kwa moyo ni kona gani ya barabara inahitaji noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Hao hawaulizwi. Fahirisi hukusanya vipimo 13 vilivyotengenezwa tayari na taasisi 12, zikiwemo Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Freedom House na Jukwaa la Uchumi Duniani. Baadhi ya vipimo hivyo ni tathmini za wachambuzi, vingine ni majibu ya wakuu wa makampuni. Vyote hubadilishwa viwe kwenye mizani moja ya 0 hadi 100, kisha hutafutwa wastani. Nchi isiyo na vipimo visivyopungua vitatu haiingizwi. Kwa lugha ya mtaani: ni wastani wa maoni ya wataalamu na wafanyabiashara.

Kwa nini wajisumbue na maoni badala ya kupima rushwa yenyewe? Kwa sababu rushwa haina risiti. Ukihesabu kesi mahakamani, unapima nguvu ya waendesha mashtaka. Nchi yenye kesi nyingi huenda ina wezi wengi, huenda ina taasisi kali, na nchi isiyo na kesi hata moja inaweza kuwa ndiyo yenye wezi walioshiba hadi wakamiliki na mahakama. Kwa hiyo waanzilishi waliona afadhali wamuulize anayeingia ofisini na mkoba kila siku.

Mwanzilishi mkuu alikuwa Peter Eigen, Mjerumani aliyewahi kuiongoza ofisi ya Benki ya Dunia ya kanda ya Afrika Mashariki jijini Nairobi. Ni hapo Nairobi alipochoshwa na miradi mikubwa iliyopita kwa nguvu ya kamisheni, huku mwajiri wake akiliona suala la rushwa kuwa siasa za ndani zisizomhusu. Shirika lilianzishwa mwaka 1993, na miongoni mwa waliokuwa naye tangu mwanzo alikuwa mhasibu Mkenya, Joe Githongo. Fahirisi ya kwanza ilitoka mwaka 1995 ikiwa na nchi 41: New Zealand juu, Indonesia chini. Mwaka uliofuata Kenya iliingizwa na ikatua nafasi ya 52 kati ya 54. Kwa namna fulani, orodha ilirudi kumsalimia mwenyeji wake.

Kuna mtego katika neno "nafasi". Mwaka 2023 Kenya ilikuwa na alama 31 na nafasi ya 126. Mwaka 2024 ikapata alama 32 na nafasi ya 121. Tanzania nayo ilitoka alama 40, nafasi ya 87, ikaenda alama 41, nafasi ya 82. Alama moja tu, nafasi tano. Kama mzazi anavyojua, mtoto anaweza kupanda nafasi darasani bila kuongeza hata alama moja, mradi wenzake wameporomoka. Na alama moja iko ndani kabisa ya kiwango cha makosa ya kipimo chenyewe. Wanasiasa hupenda nafasi kwa sababu zinaruka. Wewe angalia alama, tena kwa miaka mitano au kumi. Tanzania ilikuwa na 30 mwaka 2015. Kutoka 30 hadi 41 kuna jambo la kuzungumza. Kutoka 40 hadi 41 hakuna.

Tofautisha pia mtazamo na uzoefu. Transparency International hiyohiyo ina utafiti mwingine, ambao huwauliza wananchi wa kawaida kama katika miezi 12 iliyopita walitoa chochote ili wapate huduma shuleni, hospitalini, polisi, mahakamani, au walipofuatilia kitambulisho. Toleo la Afrika la mwaka 2019 lilifanywa pamoja na Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, katika nchi 35. Miongoni mwa waliotumia huduma hizo, waliotoa rushwa walikuwa asilimia 80 Kongo, 46 Uganda, 45 Kenya, 18 Tanzania na 5 Mauritius. Ukilinganisha na alama za wataalamu za mwaka huohuo, utakuta Kenya na Uganda ziko sawa (28 kwa 28), Tanzania iko juu yao (37), Kongo iko chini (18). Kwa hiyo lile dai kwamba wazungu wa makampuni wamekaa hotelini wakatuonea halisimami kirahisi. Kwa nchi hizi nne, mwenye tai na mwenye kandambili wamesema karibu neno moja.

Ulaya ndiko mambo yanapoachana. Katika kura ya maoni iliyotumiwa na Umoja wa Ulaya kwenye ripoti yake ya mwaka 2014, asilimia 64 ya Waingereza waliohojiwa walisema rushwa imeenea nchini mwao. Walipoulizwa kama wao wenyewe waliwahi kudaiwa au kutarajiwa kutoa hongo mwaka uliopita, waliosema ndiyo walikuwa watu 5 kati ya 1,115. Hawakuwa waongo. Huenda walichokuwa wakikilalamikia si askari wa barabarani bali fedha za vyama vya siasa, urafiki wa mawaziri na matajiri, zabuni zinazozunguka mezani kwa walewale. Hiyo haimfikii mtu anapopokea huduma dirishani, lakini anaisoma magazetini.

Na jicho la mwananchi linaona hadi wapi? Mchumi Benjamin Olken alilijaribu hilo kisiwani Java, Indonesia, katika vijiji zaidi ya 600 vilivyokuwa vinajenga barabara. Wahandisi walichimba barabara zilizokwisha, wakapima kokoto na mchanga uliolala chini, wakauliza bei kwa wauzaji wa hapohapo, kisha wakalinganisha na vitabu vya mradi. Wanakijiji nao waliulizwa wanashuku kiasi gani. Ikaonekana hawakuwa gizani kabisa: bei ikipandishwa, walinusa, maana kila mtu anajua lori la mchanga linauzwaje. Lakini ni nani ajuaye ni mita ngapi za ujazo zimefukiwa kwenye barabara ya kijiji chake? Viongozi nao walilijua hilo. Sehemu kubwa ya wizi ilikuwa kwenye kiasi, si kwenye bei.

Mtazamo pia una tabia ya kumwadhibu anayefunua. China iliingia kwenye kampeni kubwa ya kuwakamata vigogo baada ya mwaka 2012, lakini alama yake ilishuka kutoka 40 mwaka 2013 hadi 36 mwaka 2014. Huenda wataalamu waliona kampeni ni ya kuwindana kisiasa. Huenda kila kigogo aliyepandishwa kizimbani aliwakumbusha watu ukubwa wa tatizo. Alama peke yake haitakuambia ni lipi kati ya hayo.

Halafu kuna swali la nini kinahesabiwa rushwa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu "takrima": mgombea anayewakirimu wapiga kura kwa nia njema hakuhesabiwa ametoa hongo. Pilau ile ile, khanga zile zile, siku moja kosa na siku ya pili ukarimu. Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo mwaka 2006 kwa kuwa vinakiuka Katiba, ila hakuna hukumu iliyobadilisha mara moja namna mtu wa kijijini anavyomtazama mgombea aliyekuja mikono mitupu.

Upofu mkubwa zaidi wa fahirisi, kwa maoni yangu, uko upande wa anayetoa. Inapima sekta ya umma ya nchi, basi. Chukua rada. Tanzania ilinunua mtambo wa kuongozea ndege kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu za malipo yaliyohusu dili hilo. Haikutiwa hatiani kwa rushwa. Ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania, ile tuliyoiita chenji ya rada, ikanunua vitabu na madawati. Mwaka huo, kwenye mizani ya zamani ya 0 hadi 10, Uingereza ilikuwa na 7.6 na Tanzania 2.7. Denmark nayo, bingwa wa 2024, ndiyo nyumbani kwa Danske Bank, ambayo tawi lake la Estonia lilipitisha takriban euro bilioni 200, nyingi zikiwa za kutiliwa shaka, kati ya 2007 na 2015. Benki binafsi haimo kwenye hesabu.

Transparency International walilijua pengo hilo, wakawa na fahirisi ya pili ya watoa rushwa, iliyopanga nchi zenye uchumi mkubwa kwa kuangalia makampuni yao yanavyohonga ng'ambo. Ilianza mwaka 1999. Toleo lake la mwisho ni la 2011, lenye nchi 28, Urusi na China zikiwa mkiani.