Aliyeanguka mnazini: yasemwayo na ukweli wa uti wa mgongo

Iwe Pangani au Muheza, mkwezi akianguka watu humkimbilia, wakamkalisha na kumpa maji: "Akikaa atapata nguvu."

Sivyo. Ndani ya pingili za uti wa mgongo hupita ugwe wa mishipa ya fahamu. Pingili iliyovunjika ikisogea, huugandamiza au kuuchana ugwe ambao pengine ulikuwa bado mzima. Mwacheni alale. Mmoja apige magoti kichwani pake, amshike kichwa kwa viganja pande zote mbili, pua iwe mstari mmoja na kitovu. Shingo ikigoma au maumivu yakizidi, asilazimishe. Watatu wakae upande mmoja: mabegani, kiunoni, magotini. Aliyeshika kichwa ndiye anayehesabu, nanyi mgeuzeni kwa pamoja kama gogo, ubao au mlango uliong'olewa usukumwe chini yake, arudishwe chali. Kanga zilizoviringishwa zikae huku na huku ya kichwa. Akitapika, ageuzwe ubavu vivyo hivyo. Maji asipewe, anaweza kupaliwa, tena huenda akahitaji upasuaji. Kumpakata kwenye bodaboda hadi hospitali ya Bombo, Tanga, ni hatari kubwa. Tafuteni gari ambalo atalala.

"Miguu inacheza, mgongo ni mzima." Pingili inaweza kuvunjika huku ugwe ukiwa salama, mpaka mtu anyanyuliwe vibaya. Tena mzee aliyeanguka akagonga kidevu, shingo ikapinda nyuma, anaweza kutembea ilhali mikono imelegea na viganja vinawaka moto. Hilo ni jeraha la katikati ya ugwe wa shingoni, ambalo hudhoofisha mikono kuliko miguu. Kisu kikikata nusu moja ya ugwe, nguvu hupotea upande uliokatwa, na hisia ya maumivu na joto upande wa pili, kwa kuwa mishipa ya maumivu huvuka mara iingiapo kwenye ugwe.

"Hakojoi kwa kuwa hajanywa maji, akandwe kiuno." Hapa kukanda kunapoteza muda ambao haurudi. Kwa mtu mzima ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake hushuka fungu la mishipa inayohudumia kibofu, haja kubwa na miguu. Mkojo ukiziba na ganzi ikashika makalio na sehemu za siri, ni dharura ya saa hizo hizo.

"Mguu umeruka wenyewe, anapona." Wiki kadhaa baada ya ajali, ugwe ulio chini ya jeraha huanza kujiendesha bila amri ya ubongo, misuli ikakakamaa na kuruka. Dalili yenye uzito ya kupona ni kuhisi kuguswa kandokando ya njia ya haja kubwa, au kuibana kwa hiari.

Na aliyeumia ugwe shingoni au kifua cha juu, wiki kadhaa baada ya ajali akishikwa na kichwa kikali huku uso unatoka jasho, wengi husema ni mashetani. Ni presha iliyopanda ghafla, mara nyingi kwa kibofu kilichojaa. Mkalisheni wima, legezeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja au umeziba, kisha haja kubwa iliyokwama. Presha isiposhuka upesi, hospitali.