Vikwazo vya Nani? Swali la Kuuliza Kabla ya Kuilaumu Benki

Mfanyabiashara wa Eastleigh anayeagiza vitambaa kutoka Dubai hufika benki asubuhi, hujaza fomu ya kutuma dola, na jioni hupigiwa simu na kuelezwa kwamba fedha zake zimeshikiliwa kwa ukaguzi zaidi. Hana kesi mahakamani, hadaiwi kodi, wala hajawahi kutia mguu katika nchi iliyo vitani. Kilichomkwamisha ni jina linalofanana na la mtu aliyewekewa vikwazo. Katika mafunzo tunayowapa wafanyabiashara na mawakala wa forodha hapa Nairobi, kisa cha aina hii hakikosekani, na mara nyingi huja kikiwa kimefungamanishwa na lawama kwa Serikali ya Kenya. Kabla ya kulaumu, sharti tujue vikwazo vinavyohusika ni vya nani, kwa sababu nguvu yake kisheria na mlango wa kubisha ili kupata nafuu hutegemea jambo hilo.

Vikwazo vya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ndivyo vinavyoifunga Kenya moja kwa moja. Kifungu cha 41 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinalipa Baraza mamlaka ya kuchukua hatua zisizo za kijeshi, nacho Kifungu cha 25 kinazitaka nchi wanachama zitekeleze maamuzi yake. Azimio huhitaji angalau kura 9 kati ya 15, bila mwanachama yeyote wa kudumu kutumia kura ya turufu. Likishapita, Nairobi haina hiari ya kulipuuza, hata kama ilikuwa na shaka nalo. Kuhusu ugaidi, utekelezaji huo umewekewa msingi katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 na kanuni zilizotungwa chini yake, ambazo zinataka mali ya aliyeorodheshwa izuiwe bila kuchelewa.

Hapo ndipo tatizo la jina linapoanzia. Majina mengi ya ukanda wetu hujengwa kwa jina la mtu, la babake na la babu yake, kwa hiyo watu wengi mno huchangia majina matatu yale yale. Isitoshe, jina moja huandikwa Mohamed, Muhammad au Mohammed, na kwa maandishi ya Kisomali huwa Maxamed. Mfumo wa benki hauna budi kuyanasa yote, kwani aliyeorodheshwa anaweza kutumia lolote kati ya hayo. Afisa wa benki ndiye anayepaswa kutofautisha, kwa kulinganisha tarehe ya kuzaliwa, uraia na nambari ya pasipoti. Mteja aliyejaza majina mawili tu kwenye fomu, akidhani amerahisisha kazi, huwa ameifanya kuwa ngumu zaidi.

Vikwazo vya nchi moja moja ni habari nyingine. Orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani, au ile ya Umoja wa Ulaya, si sheria ya Kenya, na hakuna afisa wa Serikali ya Kenya kule Harambee Avenue anayeweza kumwondoa mtu humo. Hata hivyo, malipo ya dola kutoka Nairobi kwenda Dubai kwa kawaida hupitia benki wakala, yaani inayopitishia malipo ya benki nyingine, iliyoko New York, nayo benki hiyo hufuata sheria ya Marekani. Benki ya Nairobi itakayopuuza orodha hiyo inaweza kupoteza akaunti yake huko, na wateja wake wote wakakosa njia ya kulipia mizigo kwa dola. Ndiyo maana orodha isiyo na nguvu ya kisheria hapa huogopwa sawasawa na iliyo nayo, na nadhani maafisa wetu wangeepusha manung'uniko mengi kama wangelieleza hili waziwazi.

Diplomasia huingia mapema zaidi, wakati orodha zenyewe zinapobishaniwa. Mwaka 2019 Kenya iliomba Al-Shabaab, kundi lenye silaha la Somalia, waingizwe katika orodha ya Azimio 1267 la mwaka 1999, ile ya al-Qaida. Kundi hilo lilikuwa tayari chini ya vikwazo vya Baraza kuhusu Somalia tangu 2010, lakini Nairobi, iliyokuwa imeshambuliwa Westgate mwaka 2013 na Riverside mnamo Januari 2019, ilitaka hatua kali zaidi. Ombi halikupita. Baadhi ya wanachama wa Baraza, Marekani ikiwamo, walilipinga, kwa hoja kwamba vikwazo vya Somalia vilikuwa na msamaha kwa misaada ya kibinadamu ilhali vya 1267 havikuwa nao, na mashirika yaliyopeleka chakula katika maeneo yaliyoshikwa na kundi hilo yangeweza kuonekana kama wafadhili wake. Hasira ya Nairobi ilieleweka, ila kwa maoni yangu hoja ya waliopinga ilikuwa nzito. Desemba 2022, Kenya ikiwa mwanachama wa Baraza, Azimio 2664 lilipitishwa na kuweka msamaha wa kibinadamu kwa hatua zote za Umoja wa Mataifa za kuzuia mali.

Yasichanganywe na hayo yale yaliyotokea Machi 2025, Sudan iliposimamisha uagizaji wa bidhaa za Kenya, chai ikiwamo, baada ya kikosi cha RSF, kinachopigana na jeshi la Sudan, na washirika wake kukutana katika ukumbi wa KICC jijini Nairobi mwezi uliotangulia. Hiyo ilikuwa hatua ya serikali moja dhidi ya nyingine. Muuza chai hana kamati ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa kule New York ya kuiandikia; njia yake hupitia kwenye mazungumzo kati ya Nairobi na serikali ya Sudan.

Mfanyabiashara wa vitambaa ana nafuu zaidi. Ikiwa jina limefanana tu, haombi kuondolewa katika orodha, kwa kuwa hakuwamo. Aiulize benki ni orodha gani iliyomnasa, kisha awasilishe nakala ya pasipoti, ankara ya muuzaji inayoonyesha jina kamili la kampuni na wenye kuimiliki, pamoja na hati ya shehena. Malipo yakishaachiliwa, aombe maandishi ya benki yanayothibitisha kwamba ametofautishwa na aliyeorodheshwa, ayahifadhi pamoja na ankara, maana kontena lijalo litapitishwa kwenye mfumo ule ule.