Uhuru wa mchoraji: yanayosemwa na yalivyo

Anayejifunza kuchora kwa rangi hakosi kuambiwa "jiachie tu". Ushauri wenyewe hauna ubaya. Ubaya uko kwenye imani zilizoning'inizwa juu yake.

"Rangi zikiwa nyingi, uhuru ni mwingi"

Mara nyingi huwa kinyume. Mwenye rangi 24 mezani analazimika kuchagua upya kila anapochovya brashi, na mwisho wake picha inajaa rangi zisizosikilizana. Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi, anasifika kwa picha za watu zilizojengwa kwa rangi nne: nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo na nyekundu kali. Hakujifunga nazo maisha yake yote, lakini aliyoyatoa humo yanashangaza.

Jaribu mwenyewe. Tia nyeusi kidogo kwenye ile manjano ya udongo. Utatarajia tope, utapata kijani kilichopoa, kinachofaa kabisa kwa majani yaliyo kivulini. Sasa changanya nyeusi na nyeupe upate kijivu, ukiweke kando ya nyekundu iliyotiwa manjano. Kijivu kile kile kitaanza kuonekana buluu, na hapo mezani hakuna hata tone la buluu. Jicho huipima rangi kwa jirani yake. Mwenye tyubu ya buluu karibu angeikamua, basi, asijue kamwe kwamba jambo hili lipo.

Picasso naye, mchoraji wa Hispania, alipochora picha ya Guernica mwaka 1937, turubai (kitambaa cha kuchorea) lenye upana wa karibu mita 7.8, alibaki na nyeusi, nyeupe na vijivu. Sijaona anayelalamika kwamba picha ile imebanwa.

"Picha isiyo na umbo la kitu hujitokea tu"

Hii wanaipenda sana wasiowahi kuchora picha kama hizo. Kandinsky, mchoraji wa Urusi, alichora picha yake Composition VII kwa siku nne za Novemba 1913, na ukiitazama utadhani ni dhoruba. Kabla ya siku hizo nne, hata hivyo, alishafanya michoro ya maandalizi zaidi ya 30. Mkono ulikwenda kasi kwa sababu maswali mengi yalishajibiwa.

Jackson Pollock, mchoraji wa Marekani aliyetandaza turubai sakafuni na kumwaga rangi juu yake miaka ya mwisho ya 1940, alikuwa na mambo yake ya kudhibiti: uzito wa rangi, kasi ya mkono, umbali kutoka juu. Rangi nzito huacha mstari mnene, nyepesi hutawanyika. Bahati ilikuwepo, ila aliisimamia.

"Kurudia kitu kimoja ni kuishiwa"

Monet, mchoraji wa Ufaransa, alichora mirundo ya mavuno shambani katika picha zipatazo 25, nyingi kati ya 1890 na 1891. Mirundo ni ile ile. Mwanga ndio uliokuwa ukibadilika, na huo ndio aliokuwa akiufukuzia.

"Kosa moja, picha imekwisha"

Kwa rangi za maji hofu hiyo ina msingi kidogo, ingawa hata huko brashi yenye maji safi huweza kuinua sehemu ya rangi. Akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, hukauka upesi, unapaka juu. Rangi ya mafuta ikiwa bado mbichi hukwanguliwa kwa kisu cha rangi. Chini ya picha ya Picasso ya mwaka 1901 iitwayo The Blue Room, vifaa vya kuona tabaka za chini vilionyesha mwanamume mwenye ndevu na tai ya kipepeo, aliyefunikwa bila huruma.

"Msanii huru hana kanuni"

Kanuni ziko za aina mbili. Zipo za ladha: mpangilio, uwiano, rangi gani ikae na ipi. Hizo vunja upendavyo. Halafu zipo za vifaa, na hizo hazijali hisia zako. Ukichora kwa rangi ya mafuta, tabaka la juu linapaswa kuwa na mafuta mengi kuliko la chini. Ukifanya kinyume, la juu litakauka kwanza, la chini litaendelea kujongea, na uso utapasuka. Unaweza kuanza kwa akriliki ukamalizia kwa mafuta. Ukipaka akriliki juu ya mafuta, haishiki vizuri, na baada ya muda hubanduka.