Kuku akifa alasiri usikimbilie kusema kideri

Mwezi uliopita, saa tisa na nusu alasiri, simu ikalia. Ni mama mmoja wa Fuoni, hapa Unguja, ambae nnamjua tangu nnaanza kazi hii ya mifugo, ana kuku wa mayai 42 nyuma ya nyumba yake na vifaranga vya kienyeji vinavyozurura chini ya muembe. Sauti ilikuwa ya kulia kabisa. "Mwanangu njoo, kideri kishaingia kwangu, washakufa saba na wengine wanahema roho juu." Kideri ni ule ugonjwa wa Newcastle unaofagia kuku banda zima.

Kabla sijatoka nkamuuliza masuala matatu. Wameanza kufa saa ngapi? Baada ya adhuhuri, asubuhi walikuwa wazima wote. Wanakufa wepi? Wale walionona, ndo hao hao wanaotaga vizuri. Na vile vifaranga vya nje? Vizima, vinachakura tu. Basi nkamwambia mama usichinje hata mmoja, usitie dawa yoyote kwenye maji, fungua banda watoke wakae kivulini penye upepo, nnakuja.

Nlipofika nkampasua mmoja katika waliokufa mbele yake maana najua bila ya kuona kwa macho yake hataniamini. Nyama ya kidari imepauka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Yai zima lenye ganda limo ndani, lilikuwa lishafika mlangoni. Kile kijitumbo kinachotangulia firigisi, ambacho kwenye kideri kikali mara nyingi unakikuta na vidoto vya damu, kilikuwa safi. Na mfuko wa chakula wa shingoni umejaa pomoni. Nkamuuliza chakula umewapa saa ngapi leo, akasema saa tano, kwa sababu asubuhi alikuwa na msiba kwa jirani.

Hapo ndo pana kisa chote, ni joto sio kideri, na ndo maana nimekaa kuandika, kwa sababu kila kaskazi, huu msimu wetu wa joto, nnaona kuku wanakufa hivi hivi na watu wanatafuta mchawi mbali. Joto linalomuua kuku jengine linatoka juani na jengine linatoka tumboni mwake mwenyewe. Kuku akila, mwili unafanya kazi ya kukisaga kile chakula na kazi hiyo inatoa moto, na moto huo haupandi pale pale anapokula, unapanda masaa matatu, manne, mpaka sita baadae. Sasa ukimpa saa tano piga hesabu mwenyewe, moto wa tumboni unafika kileleni saa nane na saa tisa, ndo muda bati nalo limewaka. Anapigwa pande mbili.

Na kuku hana jasho. Sisi tukitoka jasho tukipata upepo tunapoa, kuku hana hata tundu moja la jasho mwili mzima, na mwili wake wa kawaida ni nyuzi 41 hivi, yani hali ambayo mtu ungemkimbiza hospitali. Alichonacho ni upanga wa kichwani na ndevu zile nyekundu ambazo damu inapita kupoa, miguu, kunyanyua mbawa, na kuhema. Hewa ikifika nyuzi 28 au 30 utaona mdomo umeanza kufunguka, na kwetu kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3 mchana unakwenda 32, 33.

Lakini nataka tuelewane kwenye hili la kuhema maana hapa ndo Unguja na Pemba tunatofautiana na watu wa Dodoma. Kule hewa kavu. Kuku akihema, unyevu wa kooni unakauka haraka na unaondoka na joto. Hapa kwetu hewa ishashiba maji ya bahari, nguo yenyewe ukianika ndani haikauki, sasa kuku ahemee wapi? Anahema anahema na hapoi, anachoka tu, na kule kuhema nako ni kazi inayoongeza moto. Halafu usiku kwetu haupoi sana, usiku wa kaskazi nyuzi 25, 26, kwahiyo kuku anaamka asubuhi bado hajapumzika vizuri na joto la jana. Siku ya kwanza anavumilia, ya pili anavumilia, ya tatu au ya nne ndo unamkuta kalala chali.

Kwa sababu hiyo mimi siwashauri watu wa huku kupulizia maji ndani ya banda. Video nyingi watu wanatumiana zinaonesha mabomba yanatoa ukungu kwa kuku, ni za nchi kavu hizo au za mabanda yenye mafeni makubwa. Niliwahi kufanya hivyo mwaka wangu wa pili wa kazi, kwenye banda la kuta za mawe na dirisha moja, nikidhani nawaokoa, na nimepoteza kuku wa watu siku ile, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Maranda yakalowa, harufu kali ikapanda inachoma macho, hewa ikawa nzito zaidi. Maji mwaga juu ya paa, mwaga chini nje ya banda upande unaotokea upepo, ndani pabaki pakavu.

Turudi kwenye chakula maana ndo dawa isiyo na gharama. Kuku wa mayai anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku. Kwa kuku 42 ni kama kilo tano. Mimi nagawa hivi, sehemu moja ya tatu asubuhi mapema, na sehemu mbili jioni. Adhana ya alfajiri ikitoka washa taa ya banda, wape chakula wale na baridi ile ile, ikifika saa tatu na nusu saa nne nyanyua vyombo vyote, usiache hata punje, mpaka saa kumi na nusu jioni jua likishalegea. Kinamama wa Fuoni wanaita kuku wetu wamefunga. Na kweli miaka hii Ramadhani yenyewe inaangukia ndani ya kaskazi, mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa mwezi wa 3 na 2026 katikati ya mwezi wa 2, na nimeona mwezi huo nyumba nyingi kuku wanakuwa na nafuu kwa sababu mchana hakuna anaewatupia makombo ya ugali na wali, kila kitu kinatoka baada ya futari. Ila funga ya kuku ni ya chakula peke yake, maji hayakatwi hata dakika moja, naomba hili lisichanganywe.

Wengine wananiambia wakila mara mbili tu watataga kidogo. Kuku aliekaa mchana na mdomo wazi hali hata ukimwekea pilau. Bora ale vizuri saa za baridi kuliko kudonoa kidogo kidogo kutwa nzima halafu afe.

Maji sasa. Kuku siku ya kawaida anakunywa kama mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, joto likizidi anafika mara nne, nusu lita kwa kuku mmoja. Kwahiyo kuku 40 wanamaliza dumu zima la lita 20 kwa siku. Sasa nenda kaangalie banda lako una vinywesheo vingapi, na vimekaa wapi. Kwa yule mama vilikuwa viwili, vyote mlangoni, na yale maji yanatoka kwenye tangi jeusi lililo juu ya paa kwa mpira uliolala juani, nkatia mkono nkautoa. Maji ya moto kuku hanywi. Anakwenda, anadonoa mara moja, anaondoka, na wewe unaona chombo kimejaa unasema maji wanayo!

Dawa yake ni mtungi. Ule mtungi wetu wa udongo wa kawaida kabisa, ujaze usiku, uweke kivulini penye upepo, asubuhi unachota kwa kata unajazia vinywesheo, na unabadilisha tena saa tano, saa saba na saa tisa. Mtungi unavuja jasho kwa nje na jasho lile ndo linalopoza maji ya ndani, kile ambacho kuku hawezi kufanya mtungi unamfanyia. Na vyombo viwe vingi vilivyotawanyika, maana kuku mnyonge hapiti mbele ya wakubwa wake kwenda kunywa mlangoni.

Sasa kwa vile wanakunywa sana, mavi yanakuwa maji matupu. Hapa ndo watu wanaharibu. Anaona mavi ya maji, anakimbilia duka la dawa, anauziwa antibayotiki ya unga anaichanganya kwenye maji yote. Yale maji yanakuwa machungu, kuku wanapunguza kunywa siku ile ile wanayohitaji kunywa zaidi, na mayai ya siku hizo hutakiwi kuyauza wala kula mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite. Kuharisha kwa joto hakuna kijani kibichi wala damu, ni maji tu, na kunakuja mchana kunapungua asubuhi. Kideri hakiangalii saa, kinaua usiku na mchana, hakichagui mnene na mwembamba, kinaanza kwako kesho kiko kwa jirani, utaona mavi ya kijani, shingo zinapinda, miguu inalegea. Ukiona hayo piga simu. Na chanjo ya kideri, ile ya tone la jicho, rudia kila miezi mitatu, hakikisha moja inaangukia kabla kaskazi haijashika, na uifanye alfajiri, chanjo ikae kwenye chombo chenye barafu.

Paa. Kisiwa chetu kiko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwahiyo jua linapita utosini hasa mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa mwezi wa 10 na mwanzo wa mwezi wa 3. Ina maana mwisho wa kaskazi, wakati kuku washachoka, jua la adhuhuri linapiga paa moja kwa moja na kuta karibu haliziguzi. Watu wanahangaika na kuta wakati moto unatoka juu. Kama una bati na bati liko chini, weka makuti juu yake uache nafasi ya shubiri moja hewa ipite katikati, au kama makuti huna paka bati chokaa nyeupe vuli ikishamaliza, inarudisha jua, na mvua za masika zikija zinaiosha wakati ushakuwa huihitaji tena. Wavu uwe upande wa kaskazini mashariki unakotokea upepo wenyewe, na upande wa pili pia pawe wazi, maana upepo usio na pa kutokea hauingii. Na punguza idadi, watano kwa mita mraba wanatosha, kuku na kuku wakibanana wanapashana moto kama watu kwenye daladala.

Kuku akishazidiwa kabisa, mdomo wazi, macho yamefumba, upanga umekuwa wa buluu, usimtumbukize kwenye maji ya barafu na usimmiminie maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Mpeleke kivulini, mtie miguu kwenye beseni la maji ya mtungi, mloweshe upanga na ndevu, mpepee kwa kipepeo cha ukili taratibu. Akianza kunyanyua kichwa muache anywe mwenyewe. Alasiri ile tuliwaokoa wanne kwa njia hii, mimi na mama na mjukuu wake.

Kuna kitu chengine wafugaji wananilalamikia sana msimu huu, mayai yenye ganda laini. Kule kuhema kunatoa hewa chafu nyingi kupita kiasi, damu inabadilika, na chokaa iliyomo kwenye damu, yani kalsiamu, haipatikani vizuri kwa kutengeneza ganda. Ganda linatengenezwa usiku, kwahiyo wape maganda ya chaza au kombe yaliyopondwa vipande vipande, sio unga, kwenye chakula cha jioni, yakae kwenye firigisi yakiyeyuka usiku kucha. Mayai hayatakuwa kama ya kusi, msimu wa baridi, lakini yatafika sokoni hayajapasuka.

Na la mwisho nnalolipigania miaka yote ni kuku wa kishingo. Watu wanamkataa kwa sura tu, wanasema kama kanyonyoka kwa ugonjwa. Wallahi ndo kuku wa kaskazi huyu. Akirithi ukishingo kwa mzazi mmoja manyoya yake yanapungua karibu asilimia 20, akirithi kwa wote wawili inafika 40, na shingo ile wazi ni kama dirisha la joto. Kuku wa kidimu nae, yule manyoya yamejikunja, ana nafuu yake. Ukiwa na matetea wa kienyeji tafuta jimbi mmoja wa kishingo, karibu nusu ya vifaranga au zaidi vitatoka na shingo wazi, na hao ndo nnaokuta wazima saa tisa mchana wakati wenzao wamekaa na mbawa chini.

Mama wa Fuoni alikuwa hataki kusikia. Wale 35 waliobaki hajafa hata mmoja tangu siku ile, juzi kaokota mayai 26, mawili laini. Jana alfajiri akanipigia kabla sijanywa chai, kanambia yuko Kianga na jimbi wake wa kishingo kwenye tenga, anataka kuondoka nae sasa hivi kabla jua halijatoka.