Meshi si ripita, na mistari ya simu si ushahidi

Siku hizi kila anayechomeka kidude cha Wi-Fi ukutani anasema ameweka meshi. Muuza duka anasema hivyo, fundi anasema hivyo, na mpangaji wa vyumba vya uani anaahidiwa hivyo kabla hajalipa kodi.

Meshi ni rauta kadhaa, yaani vifaa vya kugawa intaneti, zinazofanya kazi kama mtandao mmoja, kwa jina moja na nywila moja. Moja huchukua intaneti, nyingine zinapokezana, na zenyewe ndizo zinazochagua njia ya kupitishia data. Basi.

Ripita ni kifaa kinachopokea Wi-Fi ya rauta na kuirusha tena; hurudia tu inachosikia. Ile ya bei rahisi ina redio moja, hivyo inazungumza na rauta kwanza, kisha na simu yako, kwa zamu, na kasi inaanguka kwa nusu au zaidi. Meshi nzuri ina redio ya ziada ya kusemezana zenyewe. Isiyo nayo inasumbuka vilevile, hata boksi lake liwe na maandishi ya dhahabu.

Tuje uani sasa, maana huko ndiko neno hili linakoumiza watu. Mtu anaweka kifaa cha pili ndani ya banda, anaona mistari yote ya Wi-Fi imejaa kwenye simu, halafu video inakwama. Analaumu kampuni ya intaneti. Mistari ile inapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na kifaa kilichopo mezani hapo. Haisemi lolote kuhusu mawasiliano ya kifaa hicho na nyumba kubwa, iliko rauta yenye intaneti. Kama kinapokea megabiti 10 kwa sekunde kutoka kule, hakina cha kukupa zaidi ya hizo 10.

Na njia yenyewe ni ngumu: ukuta wa tofali za saruji, grili, ua, kisha ukuta mwingine. Mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 huchoka mapema kuliko ya 2.4. Banda likiwa la mabati ndiyo kabisa, mabati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Kama huna budi kutumia redio, kifaa kikae dirishani panapotazamana na nyumba kubwa, kisifichwe nyuma ya friji. Au funga antena mbili za nje zinazoangaliana, moja kila jengo.

Dawa hasa ni waya. Waya wa mtandao wa shaba unafika mita 100, upite ardhini ndani ya bomba, uwe wa kutumika nje. Palipo na radi nyingi, fiba, yaani waya wa nyuzi za kioo, kati ya majengo ni salama zaidi, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme.

Waya ukishafika, hata rauta ya zamani iliyogeuzwa kuwa kituo cha kurushia Wi-Fi inatosha. Kwa hiyo jirani akikwambia ameweka meshi mpaka uani, usibishane naye. Muulize tu kwa upole: ile ya kule inalishwa na nini?